Thumuni ya Mama

Baba alipofariki, mama alitaka jambo moja tu: ajue kabla hajafa kwamba nyumba yake pale Chara, juu ya ukingo wa mto, ni yake. Baba alipokuwa hoi kitandani, ami yangu, mdogo wake, alikuwa ameshauza kipande cha shamba chenye nyumba hiyo kwa jirani yetu Mgiriama. Ami alidai kipande ni chake. Jirani hakumtoa mama, ila karatasi za mauzo alikuwa nazo.

Sisi ni Waislamu, tukaenda kwa kadhi. Nilidhani tutamaliza yote huko, na sijui ujinga huo niliutoa wapi. Kadhi alitusikiliza kwa upole, akampa mama thumuni, sehemu moja kwa nane, ya alichoacha baba, fungu la mjane mwenye watoto. Kuhusu kipande kilichouzwa alisema hana mamlaka. Mnunuzi ni Mkristo, na mzozo wa ardhi una mahakama yake.

"Sasa thumuni ya nini?" mama aliniuliza tulipofika Garsen, njiani kurudi. "Shamba ni moja, baba yenu alikuwa mmoja. Kesi zimekuwaje mbili?"

Nilimpigia simu binti yangu, anasoma sheria Australia. Akasema huko mahakama ya shirikisho, ikishakuwa na kesi yake halali mkononi, yaweza kusikiliza na madai ya sheria ya jimbo, mradi yote ni ya ugomvi mmoja. Nikamweleza mama. Akauliza kama huko nako kuna mto.

Tukafungua kesi mahakama ya ardhi, nayo ikaagiza hali ibaki ilivyo mpaka hukumu. Mama na jirani wakaielewa sawasawa, yaani vibaya wote wawili: wakaona hata kung'oa kwekwe ni kuvunja amri. Mafuriko yalipopungua, yaliacha udongo mweusi, mtamu kwa mpunga, na hakuna aliyepanda. Majani yakafika kiunoni. Ng'ombe wa Waorma wakashuka, wakala, wakashiba. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Mama alikaa mlangoni akiwatazama, wala hakuwafukuza. Nami nilikuwa nimekufa ganzi, sina hasira wala huzuni.

Kesi iliahirishwa, ikaahirishwa tena. Mama akafariki kabla ya hukumu. Jirani alikuja na jembe lake, akachimba kaburi pamoja na kaka zangu, hakutaja kesi. Watu walilia. Mimi nilikuwa nahesabu vikombe vya chai.

Baadaye nikarudi kwa kadhi kufungua mirathi ya mama. Karani alishika kalamu.

"Marehemu ameacha nini?"

"Thumuni," nikasema.

"Ya nini, dada?"

Hakuuliza kwa ubaya. Lakini swali hilo lilikuwa la mama, na alikufa bila kujibiwa. Hapo ndipo nilipolia, mbele ya watu, mpaka karani akaweka kalamu chini.