Sega la Ndege

Jumamosi iliyopita nilirudi Ntalikwa, kwenye pori nililokulia, nikiwa na wanafunzi wangu na simu yangu yenye kioo kilichopasuka. Ndugu yangu, kuliita pori siku hizi ni heshima tu. Miti mingi imekwenda kukausha tumbaku, mingine imekuwa mkaa, na ukisimama huku unamwona mtu wa upande wa pili. Kila Jumamosi nawapeleka watoto wapige picha mdudu, ua, uyoga, chochote chenye uhai, kisha wakaulize nyumbani kinaitwaje. Nimechoka, sikufichi. Ila kabla sijaacha kazi hii nilitaka wamwone kiumbe mmoja: ndege wa asali, yule anayewaongoza watu hadi penye nyuki.

Utotoni mwangu alikuja mwenyewe. Ni wa kijivu, hana uzuri wowote, na sauti yake ni kama kiberiti kinachotikiswa. Akiita, babu aliacha hata chakula. Alichukua shoka na kijinga cha moto, nami nikamfuata na kibuyu. Ndege aliruka mti hadi mti akitungoja, na babu akimjibu kwa mluzi na maneno ya utani: "Taratibu, mtani wangu, mimi sina mabawa!" Mpaka leo nikinusa moshi wa majani mabichi mate yananijaa, maana nyumbani bibi alikuwa na viazi vitamu vya kuchovya asali. Lakini hatukuondoka kabla babu hajaacha sega moja juu ya jani. "Aliyekuita umlishe," alisema. "Ukimnyima, kesho atakupeleka kwa nyoka."

Basi Jumamosi hiyo akaja. Nilimsikia kabla sijamwona, na nilifurahi kama mtoto. Nikapiga ule mluzi wa babu, niliodhani nimeusahau. Akajibu! Tukamfuata, tukaruka visiki, hadi kwenye mti wenye tundu, nyuki wakiingia na kutoka. Akatua tawi la juu, akanyamaza kungoja.

Watoto wakapokezana simu. Picha zilitoka vizuri. Nikasema, "Haya, twendeni, jua limekuwa kali." Hatukuwa na shoka wala moto.

Tulipokaribia barabara tukamsikia tena nyuma yetu. Msichana aliyeshika simu akageuka. "Mwalimu, si tumeshampiga picha? Sasa anataka nini?"

Nikawaeleza habari ya sega. Wakanitazama kama mtu aliyekula peke yake mbele ya mgeni. Yule msichana akatoa andazi lake, akamega nusu, akaliweka juu ya kisiki. Tukasimama kando. Ndege hakushuka, akaendelea tu kuita.

Picha ninayo, na watoto sasa wanamjua. Lakini babu alimwita mtani wake miaka yote ile, na hakumdanganya hata siku moja. Mimi nilimwita mara moja tu, kwa mluzi wa babu, naye akaniamini. Nikamwacha na njaa.