Mate ya Mvua

Hebu fikiri tawi limeinama juu ya dimbwi, na kwenye majani yake limeshikamana povu jeupe, kubwa kama ngumi ya mtu mzima. Nilipokuwa mtoto huko Zombo, miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na mitumba kuanza kufika hadi kijijini kwetu, povu hilo tuliliita mate ya mvua. Bibi, mzaa mama, alitukataza kuligusa. Ukilishusha, alisema, mvua inakwenda zake.

Mwaka mmoja mvua ilikatika mapema. Dimbwi likapungua, povu likabaki juu ya tope lililopasuka. Nililionea huruma. Nilijua ndani mna mayai ya chura, kwani nilishaona viluwiluwi vikidondoka majini kutoka kwenye povu kama lile. Nikalikata na kijitawi chake, nikalizamisha kwenye ndoo ya maji. Baada ya siku mbili mayai yalikuwa yananuka. Nikayamwaga.

Mvua haikurudi. Mpunga wa Bibi ukaanza kuwa wa njano. Watu walipokuta tawi limekatwa, walisema ni watoto wa wafugaji waliohamia kutoka Usukumani. Wakaamua wafugaji hao wasiteke tena maji pale. Rafiki yangu Kabula alikuwa wa familia mojawapo ya hizo. Nilinyamaza siku nne. Siku ya tano nilikutana naye njiani, ndoo yake tupu.

"Wanasema tumewafukuzia mvua," aliniambia. "Mama anasema labda tutahama tena."

Nilikwenda kwa Bibi, nikamweleza yote. Hakunichapa. Alijifunga kanga, akanishika mkono mpaka kwa mama yake Kabula. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama.

"Mama Kabula," Bibi alisema, "aliyeshusha mate ni huyu wangu. Chukua ndoo, twende wote tukateke."

Mvua ilinyesha baadaye sana, mpunga mwingi ukiwa umekufa. Kama ni kwa sababu yangu, mpaka leo sijui. Ukubwani nilijifunza kwamba povu lile hukauka nje tu, ndani likatunza unyevu, na mayai hupata hewa humo. Maji niliyoyapa kwa huruma ndiyo yaliyoyaua. Hilo nilifanya kwa kutojua. Lakini siku zile nne nilijua. Ukija kumsimulia mtoto kisa hiki, nakuomba ukumbuke usiziruke siku hizo nne.