Tembe Isiyowashwa Moto

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa kaptula ya kaki, fagio, na tembe tatu zisizokaliwa na mtu. Ulikuwa wakati wa Mwingereza, huku Iramba. Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya, alikuwa amejengesha kijiji cha maonyesho ili wageni waone jinsi Wanyiramba wanavyoishi. Sisi tuliishi hivyo hivyo ng'ambo ya barabara, lakini kwetu hawakuja. Kazi yangu ilikuwa kufagia na kuwatembeza.

Ninyi watoto wa bati hamjui tembe. Ni nguzo, juu yake magogo na fito, kisha udongo mzito ambao juu yake watu huanika mtama. Ndani moto hauzimwi, maana moshi ndio unaofukuza mchwa. Bwana Shauri akakataza moto.

"Masizi yatawachafua wageni," alisema.

Fundi mzee aliyezijenga alinikodolea macho. Nikajibu, "Ndiyo, Bwana." Kazi ya serikali ile, nani angebisha?

Masika ya pili niligonga nguzo ya kati ya tembe kubwa, nikasikia ni tupu ndani. Nikamwendea Karani Mkuu wa Bwana Shauri.

"Shikamoo mzee. Ile nguzo ya tembe kubwa imeliwa na mchwa."

"Marahaba. Umemwambia nani?"

"Wewe tu."

"Basi nyamaza. Ukisema, utaambiwa umezembea, ufukuzwe."

Nikanyamaza. Wingu likitanda, nakimbilia kuitazama nguzo. Mgeni akiingia, namharakisha atoke.

Kisha ikaja ziara ya Mkuu wa Jimbo. Bwana Shauri akaniagiza nitafute wanawake watatu wa kutwanga ndani ya tembe kubwa. Mmoja nilimfuata mwenyewe hadi kijiji cha Kinampanda: shangazi yangu, aliyenilea baada ya mama kufariki. Msiniulize niliwaza nini. Niliwaza kibarua changu.

Wakaanza kutwanga. Kila mchi ulipotua, vumbi lilimdondokea shangazi kichwani. Mkuu wa Jimbo anatabasamu, mimi macho yako juu kwenye magogo. Mara gogo likalia, kwaa! Nikapiga yowe, lile la kuita kijiji kwenye hatari. Wanawake wakatupa michi, wakatoka mbio.

Paa halikuanguka. Bwana Shauri, amevimba kwa hasira, akaingia na kuichoma nguzo kwa fimbo yake ili anionyeshe ujinga wangu. Fimbo ikazama nusu nzima. Akatoka kinyumenyume.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu masika, Bwana."

Hakunifukuza. Tembe zilibomolewa, nikahamishiwa masjala Singida, nikapanda mpaka ukarani, nikastaafu kwa heshima. Watu husema nilikuwa na bahati. Lakini siku ile shangazi alikuwa amesimama pale pale, na jibu langu alilisikia.

"Tangu masika, mwanangu? Na ukaja kunichukua?"

Baadaye nilijenga nyumba ya matofali, imara kweli kweli. Kila alipokuja kunisalimu nilimkaribisha ndani. Alinishukuru, akaomba kigoda, akakaa nje. Hata mvua iliponyesha alijifunika kanga tu, akaniambia hapo panamtosha.