Shikamoo Bila Marahaba

Biashara ya korosho ilipofunguliwa kwa watu binafsi, nilimwandikia mnunuzi mmoja wa Masasi programu ya kompyuta. Kompyuta ya kituo chake cha mizani cha Newala ilituma uzito wa magunia kwa njia ya simu, na ya Masasi ikajibu kwamba umepokelewa. Sehemu ya kutuma niliiita "shikamoo", ya kujibu "marahaba", na maneno hayo yalitokea kwenye kioo.

Siku moja mwenzangu wa ofisini alileta programu ya kukagua programu nyingine na kufuta visivyotumika. Ikaitia "marahaba" alama nyekundu: haiitwi na sehemu yoyote ya programu.

"Futa takataka hii," akasema.

"Inaitwa kutoka Newala. Mkaguzi wako anaona Masasi tu."

"Unabishana na mashine?" Akacheka, akafuta.

Mimi programu yake sikuiamini tangu mwanzo. Nakala ya zamani ya programu yangu ilikuwa kwenye disketi, mfukoni mwa shati langu.

Kabla ya adhuhuri akapiga simu mama wa mizani wa Newala. Magunia yalijaa uani, na mvua ilikuwa inakuja.

"Baba, mashine imekwama! Inaamkia, huko hamuitikii. Mmenuna?"

Nikaingiza disketi, nikairudisha "marahaba". Hadi leo, mtu akiamkia asijibiwe, najiuliza nani amefuta.