Kanzu ya Baba Ndani ya Nili

Leo asubuhi, kwenye basi la kwenda mjini, mbele yangu alikaa kijana aliyevaa koti la buluu iliyoiva, lililotariziwa kwa uzi mweupe mgongoni. Nikamkumbuka mama, uani kwetu mtaa wa Lozells, ughaibuni, nilipokuwa mtoto.

Baba alikuwa amefariki. Unyevu wa nyumba ile uliingia hadi kabatini, kanzu yake ikaota ukungu mweusi usiotoka kwa sabuni wala kwa ndimu. Jirani yetu, bibi wa Kijapani aliyekuwa akitia nguo rangi, alimkuta mama akilia penye kamba ya kuanikia, akaomba ajaribu yeye.

Aliizamisha kanzu kwenye ndoo ya nili, ile rangi ya buluu ya mimea, iliyonuka kama majani yaliyooza. Alipoitoa, ilikuwa ya kijani.

"Ameiharibu," mama alininong'oneza. "Mwambie ameiharibu."

Nikamtafsiria. Bibi akatikisa kichwa, akanijibu kwa Kiingereza: "Mwambie mama asubiri kidogo. Bado haijapigwa na upepo."

Tukasimama tukiitazama. Kijani kikaanza kufifia mabegani, buluu ikashuka taratibu hadi kwenye pindo, ikayameza madoa yote. Kilichobaki ni tundu dogo kifuani, pale ukungu ulipokula kitambaa. Bibi akatoa sindano na uzi mweupe.

Mama alikuwa mshona kofia kwao Unguja, lakini tangu msiba hakuwa amegusa sindano.

"Mwambie hapo nitashona mwenyewe," alisema, akanyoosha mkono.

Kabla sijafungua mdomo, bibi alikwishamkabidhi sindano.