Gunia Halisemi Basi

Mnisamehe kwa mwandiko huu na kwa maneno nitakayokosea. Niliishia darasa la nane, na ukurasa mmoja hunichukua asubuhi nzima. Ningesema kwa mdomo, lakini nikisimama mbele yenu sauti hunikauka, na hasira niliyo nayo tangu Alhamisi haiwezi kungoja nizoee kusema.

Nyinyi mlioingia darasa la jiujitsu, mieleka hii ya kukaba na kukunja viungo, mwaka huu, niliwaona nyuma ya shule hapa Faza. Wawili mnakabana mchangani, wa tatu ameshika simu anahesabu sekunde. "Kaza, huyo bado anacheka." Mimi nami niliwahi kuwa na haraka hiyo, na siku iliyonikomesha naikumbuka mpaka rangi ya mkeka.

Mwanangu, nakuita hivyo ingawa sijaoa, sikiliza. Katika darasa hilohilo lenu nilikuwa nikiona haya. Kuangushwa huku watu wanatazama kulinitoa jasho kabla sijaguswa. Basi nikashona gunia, nikalijaza makumbi ya nazi, nikalishonea miguu ya suruali kuukuu iliyojaa matambara iwe mikono yake. Kila alasiri, uani kwetu, nilililalia, nikalinyoosha mkono, nikaanza tena. Kufika mwezi wa tatu wa mazoezi nikawa mwepesi, nikajiona nimewapita wote.

Ndipo akapita binamu yangu Athmani, ametoka kukwea minazi, kazi yake ya kila siku, ameshaoga na kubadili nguo. Nikamwomba alale mkekani nimwonyeshe. Nikamwambia akiumia anigonge kwa mkono wa pili, nitamwachia.

"Haya bwana," akasema, "lakini shati hili ni la Ijumaa."

Nikaushika mkono wake, nikapitisha mguu juu ya kifua chake, nikainua kiuno kwa kasi ileile ya gunia. Akanigonga pajani. Akagonga tena. Alipogonga mara ya tatu, kiwiko kilikuwa kimeshalia.

Mama yake, Bi Zainabu, ni shangazi yangu. Hakunipigia kelele. Alisema, "Ndoo uketi," akaniita karibu, akaniketisha mbele ya Athmani, mkono wake umefungwa kwa leso shingoni.

"Hakukugonga?"

"Alinigonga, shangazi."

"Mara ngapi?"

"Tatu."

"Ukahisi?"

"Nilihisi."

"Basi ulikuwa ukingoja nini?"

 Gunia halikuwahi kunigonga hata siku moja, na mwili wangu ulikuwa umezoea kwenda mpaka mwisho. Shangazi akaniambia mkono ule ndio uliokuwa ukiwalisha, kisha akasema, "Nenda kwenu. Usirudi hapa mpaka ujue kuachia."

Huu mwaka wa pili, mkono haunyooki. Athmani hakwei tena, anauza nazi walizoangusha wengine. Yeye alishanisamehe. Mimi bado najikasirikia, na nikiwaona na simu yenu hasira inanipanda upya.

Sikukatazi kufanya mazoezi nyumbani. Mwenye haya ana haki ya kujifunza polepole pasipo macho ya watu. Lakini iwe polepole kweli. Shika jambo moja ulilofundishwa, lirudie wiki nzima, usimfukuzie mtu wa kwenye video ambaye hakujui. Ukiwa na gunia, simama kabla mkono haujanyooka, vuta pumzi tatu, uachie. Kuachia nako ni zoezi, nako ukuhesabu. Na ukiwa na mtu, akikugonga mara moja tu, hata kwa mzaha, fungua mikono papo hapo. Wa kuhesabu sekunde mfukuzeni.

Mola awahifadhie viungo vyenu na vya wenzenu, awarudishe kwa mama zenu mkiwa wazima kila mnapotoka mazoezini.

Niandikieni. Barua mpeni mwalimu, ataniletea. Na kama yuko uliyemwumiza na hujamwambia mtu, niandikie hilo kwanza. Nitasoma polepole, na nitakujibu.