Wali wa Nailoni

Mtu wa Kariakoo akitaka wali wake uive sawasawa, hutandaza mfuko wa nailoni juu yake, kisha ndiyo anaweka mfuniko. Mvuke haupati pa kutokea. Nimekua nikila wali huo, na mama yangu mdogo anauuza mpaka leo Mtaa wa Kongo.

Ndiyo maana nilipandwa na hasira. Tulikuwa kwenye kikao cha wanasayansi wanaoshauri mkataba wa dunia kuhusu plastiki, mimi nikiwa ofisini kwetu Posta, wenzangu kwenye skrini. Nilipendekeza sentensi moja iingie kwenye ushauri wetu: kemikali za mifuko zipimwe kwa joto la kupikia. Mtaalamu mmoja akatabasamu. Vipimo vya maji ya uvuguvugu vinatosha, alisema; nani anapika na mfuko? Nisingeleta ushahidi kikao kijacho, sentensi ingefutwa.

Nikatoka moja kwa moja hadi kwa mama mdogo.

"Shikamoo."

"Marahaba. Mbona umenuna hivyo, nani kakuudhi?"

"Kuna mtu anabisha kwamba watu hawapiki na nailoni."

Akacheka mpaka akajishika kiuno. "Huyo hajala bado!"

Nikamwomba aje apike kwenye maabara yetu. Alikuja na sufuria zake, akavaa koti jeupe juu ya khanga, akapika wali wa nailoni na mwingine aliofunika kwa majani ya mgomba. Wenzangu wa maabara wakaanza kunyemelea na sahani. Akawafukuza kwa mwiko.

Tukapima, tukarudia, jibu likawa lile lile. Kemikali za mfuko zilikuwa zimeingia kwenye wali. Wa mgomba ulikuwa safi. Nilipomwambia, aliuliza, "Na wateja wangu wote hao?" Iliniuma sana.

Kikao kilipofika niliwaonyesha kila kitu, sufuria na mwiko pia. Yule mtaalamu aliuliza maswali mazito, nami nikamjibu moja baada ya jingine, bila haraka. Mwishowe akasema hana pingamizi. Mwenyekiti akaisoma sentensi yangu, ikabaki. Nilipiga kelele za furaha mpaka mlinzi akapanda ngazi kuja kuona kuna nini.

Kesho yake nilimkuta mama mdogo akifunua sufuria, majani ya mgomba yakitoa mvuke, foleni imefika barabarani.

"Karibuni jamani!" alikuwa akinadi. "Wali huu umepitishwa na dunia nzima!"

Sikumsahihisha. Nilishika sahani, nikapanga foleni.